Kanga ya Radhi Iliyokwenda Gongo la Mboto

Haya kaniambia Bi Mwanakombo kwa kinywa chake, siku ya tatu baada ya Idi ya kuchinja, mwaka huu wa tisini na sita, tukichambua choroko ukumbini kwangu Temeke. Alisema, "Andika, wala usinipambe. Nilivyokosa ndivyo watu wasome." Basi sipambi.

Aliyekuwa nasi wiki zilizopita anakumbuka tulipofika. Anayeingia leo namwambia kwa kifupi. Bi Mwanakombo ni Mzaramo wa hapa hapa, kungwi tangu ujana wake, mwanamke aliyewacheza na kuwafunda wanawali hata idadi imempotea. Mume alipokufa, mashemeji walimtoa kwenye nyumba ya Kinondoni na kitanda kimoja na kibao cha mbuzi. Akapata chumba Temeke. Alikuwa hana pa kushika, ndipo Bwana Projestus akamwita.

Projestus ni Mhaya aliyesomea mambo ya nafsi za watu huko Ulaya, akarudi kufungua nyumba ya ushauri Keko, nyuma ya mafundi seremala. Wanawake walipofika wakamkuta mwanamume wa tai na kalamu, walisema wamekuja kuulizia kabati, wakaondoka. Ndiyo akatafuta mtu wa pwani.

Washauri wakawa watatu, na kila mmoja na dawa yake.

Projestus alianzia utotoni. Mtu kaja na ugomvi wa maji ya bomba, yeye anauliza, "Baba yako alikuwa mtu wa namna gani?" Akijibiwa, anaandika. Asipojibiwa, anaandika pia.

Wa pili ni Filomena, Mmakua wa Masasi, aliyekuwa mtawa miaka kumi na moja kabla hajavua shela. Watu walizidi kumwita Sista. Yeye hakumshauri mtu. Alikaa, akanyamaza, akamsogezea mgeni kitambaa cha kufutia machozi.

"Mtu analia, mwenzangu anamtazama kama anangoja chungu kichemke," Bi Mwanakombo alikuwa akisema.

"Na wewe unampa mtu jibu kabla hajamaliza swali," Filomena alikuwa akijibu.

Bi Mwanakombo alishauri kama alivyozoea. Alitania, alikemea, aliimba, alimwambia mtu inuka ukaoge. Na msidhani hakufaa. Yupo mama mmoja wa Kimakonde, Monica, mjane wa Adelard, fundi wa vitanda aliyekufa kwa kifua mwezi uliotangulia. Monica alikaa siku tatu na faili la Projestus na siku tatu na kimya cha Filomena, hakutamka neno. Bi Mwanakombo akamwambia, "Marehemu alikuwa anakoroma?" Monica akacheka, akalia, akaanza kula. Tangu hapo akawa anakuja kila Jumatatu.

Sasa tuingie penyewe.

Jumanne asubuhi alifika mwanamke kijana, mtoto mgongoni. Akamwona Bi Mwanakombo mlangoni, akasita kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Shikamoo somo."

"Marahaba, Nusaiba. Umenifuata mie?"

Nusaiba alirekebisha mbeleko ambayo haikuwa imelegea. "Nimekuja kwa yule Sista."

Hebu elewa hapo. Nusaiba alikuwa mwali wa Bi Mwanakombo, na kungwi wa mtu ndiye somo wake. Yeye ndiye aliyemcheza, yeye ndiye aliyempeleka kwa mume, Twalib, huko Gongo la Mboto. Kwetu, mwali hapeleki neno la nyumba yake kwa mwanamke mwingine bila ruhusa ya somo wake. Akifanya hivyo, kamvua somo nguo sokoni.

"Sista yupi? Huyu wa kunyamaza?"

"Huyo huyo."

Projestus alitoka chumbani kwake na kalamu. "Bi Mwanakombo, kanuni unaijua. Mtu hamshauri ndugu yake."

"Huyu si ndugu yangu. Ni mwali wangu. Ndugu ana nafuu."

"Ndiyo maana ataingia kwa Filomena."

Mtoto aliitwa Mwajabu, wa miaka mitatu. Alibaki nje na Bi Mwanakombo, saa nzima, akichezea vumbi la mbao. Randa za mafundi zilikuwa zinapiga kelele, na Bi Mwanakombo aliweka sikio ukutani asiambulie kitu.

Nusaiba alipotoka, macho yalikuwa mekundu lakini shingo imenyooka. Akambeba mtoto.

"Somo, nakuomba. Usimwambie mtu kuwa umeniona hapa."

"Nimwambie nani mie?"

Alisema hivyo. Kaniambia nimwandike kuwa alisema hivyo.

Nusaiba hakufika hata barabarani, Bi Mwanakombo alikwisha ingia kwa Filomena.

"Kasema nini?"

"Kasema yake."

"Huyo nimemfundisha mie hata kufunga kanga."

"Najua. Ameniambia."

"Amekwambia nini kuhusu mie?"

Filomena alikuwa anakunja kile kitambaa, pembe kwa pembe. "Kilichosemwa humu kimezikwa humu. Kwangu ni kama kitubio."

"Kitubio cha nani? Mtoto wa Kiislamu huyo."

"Masikio yangu hayaulizi dini."

"Sista, huko kwenu mkimaliza kuchimba ming'oko porini, mnawafundisha nini wasichana? Kunyamaza?"

"Hata kunyamaza kunafundishwa, Bi Mwanakombo. Ninyi mngefundishwa, ngoma ya siku moja ingewatosha."

"Umekaa na wanaume wa kuchora ukutani mwa kanisa miaka kumi na moja, leo unamtuliza mke wa mtu. Unajua nini wewe cha mume?"

Filomena aliweka kitambaa mezani. "Najua kusikiliza. Toka chumbani kwangu."

Siku mbili Bi Mwanakombo hakula akashiba. Aliona kama anaona: Nusaiba kagombana na mumewe, kaaibika kumwambia somo wake, kaenda kumwaga siri kwa mgeni. Siri itatoka. Ikitoka watu watasema, mwali wa Mwanakombo hakufundwa. Na kungwi akishaambiwa hivyo, nani atamletea mwanawe?

Kwa wazee wake ilikuwepo njia ya kufunika mambo kama hayo. Somo huchukua kanga mpya, akaikunja, akaiweka kwenye sinia pamoja na tambuu, akaenda ukweni kumwombea mwali wake radhi. Kosa halitajwi. Likitajwa halifunikiki tena. Wakwe wakiipokea kanga, neno limekwisha, na mwali hatoulizwa.

Alhamisi akachukua sinia, huyo, Gongo la Mboto.

Nusaiba alikuwa kaenda kisimani. Aliyekuwa kibarazani ni mama mkwe, Bi Zubeda, mtu wa pwani kama yeye. Ndani alikuwemo Twalib. Tangu walipompunguza kiwandani alikuwa anashinda nyumbani, anahesabu nani katoka na nani karudi, utadhani mlinzi wa kule kambi ya jeshi.

Bi Zubeda alilitazama sinia. "Kafa nani?"

"Hajafa mtu, dada. Nimekuja kumwombea radhi mtoto wetu."

"Kakosa nini?"

"Wewe mtu wa mji. Tangu lini likatajwa?"

Bi Zubeda hakuigusa kanga. Aliita ndani, "Twalib, njoo uone mgeni."

Twalib alitoka na singlendi, akasalimia kwa adabu zake zote. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Radhi ya nini?"

"Ya kike hiyo. Mwachie mama yako."

"Umemwona wapi mke wangu hata ukaona kakosa?"

Hapo ulimi wa Bi Mwanakombo uliteleza. Alisema, "Alipita Keko, Jumanne, ninapofanya kazi."

"Jumanne," Twalib alisema. "Jumanne mie niliambiwa kliniki ya mtoto."

Akakaa kwenye kizingiti. Akavunja vijiti vya ufagio kimoja kimoja.

"Keko kuna nini, mama? Mie nakujua Keko. Kuna wanaume na mbao."

Bi Mwanakombo hakujibu.

"Fundi gani?"

Nilimsimamisha hapo, mie ninayeandika. Nikamuuliza, "Kwa nini hukumwambia? Ungesema, kuna nyumba ya ushauri, mkeo kaenda kuongea na mwanamke mwenziwe, basi."

Akaitazama choroko mkononi mwake. "Ningesema hivyo wangejua mwali wangu kanikimbia, kaenda kwa mgeni. Nilinyamaza kwa ajili ya jina langu. Desturi nilijifunikia tu."

Basi alinyamaza. Na Twalib akauliza mara ya pili, taratibu, "Fundi gani?" Naye akanyamaza mara ya pili. Bi Zubeda akanyoosha mkono, akaichukua ile kanga.

Imepokewa. Kosa limethibiti.

Ijumaa, saa nne asubuhi, Nusaiba aliingia Keko peke yake. Mdomo umevimba upande mmoja. Mgongoni hapakuwa na mtoto. Mabegani alikuwa na ile kanga mpya, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Twalib alimvika mwenyewe kabla ya kumtoa nje. Alimwambia, "Vaa sare yako."

Mafundi walisimamisha randa. Alipita katikati yao asimtazame mtu, akampita na Bi Mwanakombo, akaingia kwa Filomena.

Hawakukaa hata dakika kumi. Filomena alifungua mlango, akaita, "Bwana Projestus, njoo. Na wewe, Bi Mwanakombo, njoo. Nusaiba kaniruhusu kusema, nami nitasema mara moja tu."

Walisimama wote, hakuna aliyekaa.

"Huyu dada anapigwa mwaka wa tano sasa. Jumanne alikuja kuniuliza kitu kimoja, ataondokaje na mtoto wake bila mume kujua. Tukapanga. Mjomba wake yuko Mlandizi. Kesho Jumamosi Twalib alikuwa anakwenda arobaini ya rafiki yake Mbagala, mjomba angefika, angewachukua wote wawili. Zilibaki siku mbili. Ukaenda wewe na sinia."

Bi Mwanakombo alimgeukia mwali wake. "Mbona hukuniambia, mwanangu? Ningekukataa mie?"

Nusaiba alisema, "Nilikwambia."

"Lini?"

"Mwaka wa kwanza. Nilikuja kwako mkono umeteguka. Uliukanda kwa mafuta ya nazi. Ukaniambia, rudi, kamkande miguu akitoka kazini, mwanamke hafungui mlango watu wakaona ndani. Nikarudi."

Bi Mwanakombo alikumbuka mafuta. Aliukumbuka na mkono. Alichokuwa amesahau ni maneno, kwa kuwa alikuwa amewaambia wengi maneno yale yale.

"Ndiyo maana nikamtaka Sista," Nusaiba alisema. "Nilitaka mtu asiyekuwa na jibu."

Projestus alivuta faili, akaliweka mezani. "Bi Mwanakombo, kuanzia leo usiingie humu. Barua nitakuandikia."

"Andika. Ndiyo kazi yako," Bi Mwanakombo alimwambia. "Uliponichukua ulitaka nini? Ulitaka kungwi, au ulitaka kanga zangu zikae mlangoni watu wasikukimbie? Siku moja hujaniuliza kungwi anafanyaje kazi. Ungeniuliza ningekwambia tunakwendaga ukweni. Ungenikataza."

Projestus akaandika.

"Na wewe," akamgeukia Filomena, "ungenidokeza neno moja tu Jumanne. Moja. Ungesema, usiende kwa Twalib."

"Ningekuwa nimekwambia yote."

"Umezika, Sista. Haya, tazama kilichoota."

Filomena rangi ilimpotea. Hilo lilimwingia. Lakini hakuomba msamaha, wala Bi Mwanakombo hakumwomba.

Walikuwa hawana pa kumpeleka Nusaiba. Kwa Filomena ni nyumba ya kanisa, hawalazi wageni. Mlandizi hakwenda, alisema hatoki mjini bila mtoto. Basi wakaishia chumbani kwa Bi Mwanakombo, Temeke, wanawake watatu wasiosemezana, mmoja juu ya kitanda, mmoja mkekani, mmoja kwenye kigoda.

Alasiri mtu akapiga hodi. Bi Zubeda.

Hakuingia. Alisimama mlangoni, akatoa sinia alilolibeba kwapani. "Sinia lako hili."

Lilikuwa tupu. Kwetu sinia halirudi tupu, hata kama ni chumvi utaweka. Bi Mwanakombo alilipokea.

"Mtoto hajambo?"

"Mtoto amekula, anacheza. Sikuja kwa mtoto, nimekuja na ujumbe wa baba yake. Arobaini ya Mbagala haendi tena, kesho baada ya adhuhuri wazee wanakaa kwetu. Twalib ataacha mke. Lakini hataki isemwe kaacha kwa ubaya wake, majirani wamekwisha anza kusema habari za ngumi. Anataka aliyeleta radhi aje alitaje kosa mbele ya wazee."

"Kosa halitajwi, dada."

"Hilo uliliharibu wewe. Ukija ukataja, mtoto mnapewa papo hapo, mwende naye mnakotaka. Mwanangu hana shida na mtoto, ana shida na jina lake. Ukija ukasema hakuna kosa, basi ulituletea radhi ya uongo, ulikuja kutuchezea. Mwajabu atapelekwa kwa shangazi yake Kilwa, na huyo mama yake hatomwona mpaka ameota mvi."

"Nitaje nini, na wewe unajua hakuna?"

Bi Zubeda alishusha sauti kidogo. "Ninalolijua mie halinisaidii. Naishi kwa mwanangu. Njoo useme fundi. Na jina lake uliseme, wazee hawatapokea fundi asiye na jina."

Akaondoka. Hakuaga.

Wa kwanza kusema alikuwa Nusaiba, pale kitandani. "Somo, sema fundi."

"Unajua unachoniomba? Utaitwa malaya mji mzima."

"Wataniita nikiwa na mtoto wangu."

"Na jina? Mafundi wa Keko wana wake, wana watoto. Nikitaja mmoja, Twalib na rafiki zake watakwenda kumvunja miguu kesho hiyo hiyo."

Filomena, kwenye kigoda, alisema, "Ni uongo. Kumsingizia mtu asiye na kosa ni dhambi."

"Unayo nyingine ya kumpa mtoto arudi?" Nusaiba alimuuliza. "Kama unayo, sema. Kama huna, leo nyamaza vizuri."

Vidole vya Filomena vikaanza kuhesabu rozari mfukoni.

"Miaka mitano nimefunga mlango kwa sababu uliniambia nifunge," Nusaiba alimwambia somo wake. "Nimekutii kwa uongo wako wa kwanza. Wewe huwezi kunitii kwa huu mmoja?"

Nusaiba akageukia ukutani. Akavuta ile kanga ya radhi mpaka masikioni. Baada ya kitambo pumzi ikatulia. Alikuwa hajalala tangu Alhamisi.

Jua lilikuwa linatua. Kwetu kulala wakati wa magharibi ni mkosi, mtoto akisinzia saa hiyo tunamwamsha kwa maji. Bi Mwanakombo hakumwamsha. Filomena naye, ameegemea ukuta, kichwa kilikwenda mbele, kikarudi, kikaenda tena, kikabaki. Rozari ikamdondoka sakafuni. Bi Mwanakombo akaiokota, akaiweka juu ya sinia ili isikanyagwe.

Akajilaza mlangoni, mgongo kwenye ubao, asipite mtu bila yeye kujua.

Ndipo jina likamjia. Hakulitafuta. Lilikuja lenyewe kama nzi anavyokuja kwenye kidonda.

Adelard. Fundi wa vitanda, wa Keko kweli, kila mtu anamjua. Amekufa. Hakuna wa kumvunja miguu. Hakuna atakayesimama mbele ya wazee aseme si mimi. Wakiuliza ya Jumanne, atasema Nusaiba alikwenda kumlilia. Neno moja tu, na Mwajabu atarudi mgongoni kwa mama yake.

Na Jumatatu Monica atakuja, kama anavyokuja kila Jumatatu, na njiani mafundi watakuwa wamekwisha mwambia marehemu mumewe alikuwa akilala na nani.

Alilirudia jina lile kimoyomoyo, aone kama ulimi utakubali. Ukakubali mara moja. Hilo ndilo lililomtisha, kaniambia, kuliko Twalib, kuliko wazee. Akafumba macho alitafute jina jingine, na kabla hajalipata, usingizi ukamchukua.